Kaya Mbili: Njaa, Akiba na Tahadhari katika Nyika ya Kilifi

Mahali paitwapo Mnarani pamebeba jina la kitu kilichobaki baada ya watu kuondoka. Mji uliokuwa hapo, juu ya ukingo wa kusini wa hori la Kilifi, ulisitawi kwa karne kadhaa hadi mwanzoni mwa karne ya 17, kisha ukaachwa. Misikiti, makaburi na kisima chake kirefu vikabaki kichakani mpaka James Kirkman alipovifukua katika miaka ya 1950. Wanahistoria wametaja mashambulizi ya Waoromo, ambao vitabu vya zamani huwaita Wagala, kuwa sababu kubwa ya kuhamwa kwa miji ya sehemu hii. Lakini watu wa Kilifi hawakupotea pamoja na kuta zao. Miongoni mwa Thenashara Taifa za Mombasa, katika fungu la Tisa Taifa, wamo Wakilifi. Na jina hilo ni ushahidi kwamba jamii iliyofikwa na baa ilikuwa na mahali pa kukimbilia na watu wa kuipokea.

Makala haya hayahusu magofu. Yanahusu nchi iliyo nyuma ya magofu hayo, yaani nyika inayoanzia mwendo wa saa chache kutoka baharini na kuendelea hadi Ganze, Bamba na ng'ambo ya mto Sabaki, na yanauliza swali moja: watu wa nchi hiyo walijiwekaje tayari kwa njaa, na utayari huo uliendaje? Swali lina uzito wake. Kwa miaka mingi sasa ripoti za serikali na za mashirika ya misaada zimekuwa zikiieleza Kilifi kama mahali ambapo nyumba nyingi hazina akiba, hazina tahadhari, na hungoja chakula cha msaada. Maelezo hayo, hata pale yanapokuwa sahihi kwa hesabu ya magunia, hubeba ndani yake hukumu ya kihistoria ambayo haikuthibitishwa: kwamba watu hawa hawakujua kujiandaa. Nia ya mwandishi ni kuichunguza hukumu hiyo, na kwa kuwa jarida hili ni la lugha, uchunguzi utaanzia kwenye maneno.

Neno la kwanza ni kaya. Katika Kiswahili cha takwimu na cha maofisi, kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja. Katika lugha za Wamijikenda, kaya ni jambo jingine kabisa: ni boma la kale lililozungukwa na msitu, makao ya taifa zima, mahali pa kaburi la mwanzo, pa viapo na pa sadaka ya kuombea mvua. Misitu ya makaya hayo iliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008. Basi afisa anapofika Ganze na kuzungumza habari za "utayari wa kaya", anatamka neno lenye maana mbili bila ya kukusudia, na maana anayoiacha ndiyo iliyo na historia ndefu zaidi. Kati ya kaya ya ofisini na kaya ya msituni pana mudzi, yaani boma la baba, wake zake, wanawe na wake za wanawe, ambamo kila mke alikuwa na nyumba yake, shamba lake na ghala lake. Mtu akitaka kupima akiba ya Wagiriama au ya Wachonyi wa zamani kwa kuhesabu chungu kimoja kimoja, atakuwa anapima kidole na kudhani amepima mkono.

Tukiendelea na msamiati, twaona mgawanyiko unaostahili kuangaliwa. Maneno ya msiba utokao baharini au utokao juu kwa ghafula ni ya asili ya Kiarabu kwa wingi: tufani, dhoruba, gharika. Maneno ya jumla ya msiba, kama balaa na maafa, ni hivyo hivyo. Bali njaa, mvua, jua na ukame ni maneno ya Kibantu, na njaa ya Waswahili ndiyo nzala ya Wagiriama: Kiswahili kimeidondosha l ya kale, Kigiriama kimeihifadhi. Si halali kukata shauri kwamba kitu chenye jina la kukopa ni kitu kilichokopwa. Watu wa pwani walizama baharini kabla hawajasikia Kiarabu. Lakini yafaa tuone kwamba njaa ni neno ambalo mtu wa Mnarani na mtu wa Bamba waliligawana tangu lugha zao zilipokuwa moja, na kwamba katika jambo hili, kuliko katika mengine mengi, historia zao hazitengani. Nalo neno akiba limetoka katika Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kitu kijacho nyuma, mwisho au matokeo. Akiba, kwa asili yake, si kile kilichobaki jana bali kile cha kukutana na kesho.

Majira nayo yalikuwa na hesabu yake. Waswahili walihesabu mwaka wa jua wa siku 365 kuanzia Siku ya Mwaka, au Nairuzi, na kuugawa katika miongo ya siku kumi kumi. Mabaharia na wakulima wakajua mwongo gani wa kutia mbegu na mwongo gani wa kutosafiri. Mvua kubwa za masika huanza Aprili, na vuli huja kuanzia Oktoba. Lakini kwa kadiri mtu anavyoiacha bahari ndivyo hesabu hiyo inavyozidi kuwa ya kubahatisha. Kwa mwaka mmoja ukanda wa pwani waweza kupata hadi milimita 1,300 za mvua, na sehemu za bara za kaunti hiyo hiyo zikapata 300 tu. Mwenye shamba Takaungu na mwenye shamba Bamba wana majira mamoja kwa jina. Kwa mavuno hawana.

Majina ya njaa

Wamijikenda, kama watu wengi wa Afrika ya Mashariki, hawakuzihesabu njaa kubwa kwa tarakimu bali walizipa majina, na majina hayo yamewafaa sana wanahistoria kama Thomas Spear na Justin Willis katika kupanga matukio ya karne ya 19. Mawili kati yake hayana budi kutajwa. La kwanza ni Mwakisenge, njaa ya katikati ya miaka ya 1880. La pili ni Magunia, njaa ya miaka ya 1898 hadi 1900, iliyokuja nyuma ya sotoka iliyoteketeza ng'ombe na kufuatana na ndui.

Mwakisenge lina sura ya jina la mtu, kwani Mwa- ni mwanzo wa kawaida wa majina ya wanaume wa Kimijikenda. Njaa yenyewe imesimamishwa kama mgeni aliyeingia mjini. Magunia ni jina la namna nyingine. Gunia ni neno lililotoka Bara Hindi, na mwishoni mwa karne ya 19 lilifuatana na mchele ulioletwa kwa meli kutoka huko, wakati ule ule ambapo reli ya Uganda, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ilikuwa ikilisha maelfu ya wafanyakazi wake kwa chakula cha kuagizwa. Kwa hiyo watu wa nyika waliita njaa yao kubwa kwa jina la kifungashio cha chakula cha watu wengine. Njaa ile ile Wakikuyu waliiita Ruraya, yaani Ulaya, na Wakamba waliiita Ngomanisye, iliyoenea kila mahali.

Mtu akiyakusanya majina haya pamoja na ya baadaye ataona jambo. Wakikuyu waliikumbuka njaa ya mwaka 1943 kwa jina la Mianga, kutokana na unga wa muhogo waliokula. Wakamba waliipa njaa ya mwaka 1961, iliyofungana na mafuriko, jina la Ndeke, kwa ndege zilizodondosha chakula. Na ile ya mwaka 1984 wakaiita Ngwete, kwa maana ya kufa mtu hali ameshika fedha mkononi, kwa kuwa fedha ilikuwapo na chakula cha kununua hakikuwapo. Katika majina yote hayo hakuna hata moja linalotaja kukosekana kwa mvua. Mvua kukosekana kulijulikana, na hakukuhitaji jina. Kilichotofautisha njaa moja na nyingine, kwa wenyewe walioipata, ni nani aliyekuja na chakula, kwa chombo gani, na kwa bei gani. Haya ni majina ya uhusiano. Mwandishi anaona kwamba watu waliotunga majina ya namna hii walikuwa wamekwisha kufahamu jambo ambalo wataalamu wa njaa wamelieleza kwa vitabu vinene katika nusu ya pili ya karne ya 20: kwamba ukame hutoka mbinguni, lakini njaa hupitia sokoni, barabarani na ofisini.

Kumbukumbu za maandishi za miaka hiyo pia zina upande wake wa lugha. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 na Rebmann akamfuata mwaka 1846. Kamusi yao ya Kinyika ilichapishwa mwaka 1887, na msamiati wa Kigiriama wa W. E. Taylor ukatoka mwaka 1891. Kati ya tarehe hizo mbili na njaa ya Mwakisenge pana miaka michache tu. Wamisionari wa Rabai walikuwa wakiandika maneno ya watu ambao, wakati huo huo, walikuwa wakija mlangoni mwao kwa sababu ya njaa. Wanafunzi wetu hufundishwa kuzisoma kamusi hizo kama hazina ya sauti na maumbo. Zafaa zisomwe pia kama vitabu vilivyozaliwa katika wakati wa dhiki.

Uchaga, mnazi na rahani

Utayari wa mudzi ulianza jikoni. Uchaga, ambao Wamijikenda huuita lutsaga, ni dari ya miti iliyojengwa juu ya mafiga, na nafaka iliyowekwa humo hupata moshi kila siku chakula kinapopikwa. Moshi hukausha, na hufukuza wadudu. Mtama, wimbi na mawele vilikaa humo muda mrefu bila kuharibika. Mahindi, yaliyoletwa kutoka Marekani ya kusini na ya kati katika zama za Wareno na ambayo hatimaye yaliyapokonya mazao hayo nafasi yake, huzaa vizuri zaidi mvua ikiwa njema, lakini hayavumilii jua wala hayakai ghalani kama mtama. Wakulima walilipunguza tatizo hilo kwa kuhifadhi mbegu za kienyeji, kama mdzihana, na kanjerenjere iwahiyo kukomaa, na kwa kuyatundika mahindi yakiwa na maganda yake. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 1980 akaingia Kenya, kwa njia ya Taveta kutoka Tanzania, mdudu aliyetoka Amerika ya Kati, ambaye Watanzania walimwita dumuzi au skania. Huyu moshi haumtishi sana. Mtu anayeshangaa kwa nini mkulima huuza mahindi yake mara baada ya kuvuna kwa bei ya chini, na kuyanunua tena miezi mitano baadaye kwa bei ya juu, na afungue ghala lenye dumuzi aone unga ulioachwa chini. Mkulima huyo amekwisha kupiga hesabu yake.

Nje ya ghala palikuwa na akiba za namna nyingine. Muhogo ulioachwa ardhini ni ghala lisilohitaji mlango. Mbuyu hauzai kwa amri ya mvua za mwaka mmoja. Ng'ombe na mbuzi waligawiwa ndugu na marafiki wakae mbali mbali, ili ugonjwa au jua lisiwamalize wote mara moja. Na katika ukanda wa minazi, mnazi wenyewe ulikuwa akiba: David Parkin, katika kitabu chake cha mwaka 1972 juu ya Wagiriama wa Kaloleni, ameonyesha jinsi minazi ilivyouzwa na kuwekwa rehani ili kupata fedha za mazishi na mahari, na jinsi watu wachache walivyokusanya miti na ardhi za wenzao kwa njia hiyo. Aliyeuza minazi yake ili kuvuka mwaka mmoja mbaya aliingia mwaka wa pili bila ngao. Parkin hakuandika juu ya njaa hasa, lakini mtu yeyote anayechunguza kwa nini nyumba mbili zilizo jirani hazifanani ukame ufikapo, atafaidika kwa kukisoma.

Akiba kubwa kuliko zote, hata hivyo, ilikuwa watu. Wamijikenda na Waswahili walifungamana kwa mikataba ya taifa na taifa, kwa udugu wa kuchanjana, kwa ndoa na kwa biashara. Nafaka, pembe za ndovu na sandarusi ziliteremka. Nguo na shanga zilipanda. Njaa ilipoingia bara, mtu alimwendea rafiki yake wa pwani. Hapa hatuna budi kusema ukweli wote, maana wapo waandishi wanaopenda kuusifu ujamaa wa kale mpaka ukakosa damu na nyama. Katika Mwakisenge watu wengi wa nyika waliwaweka watoto na jamaa zao rahani kwa matajiri wa Takaungu, Malindi na Mombasa ili wapewe nafaka. Malindi ya wakati huo, iliyofufuliwa katika miaka ya 1860 chini ya Sultani wa Zanzibar, ilikuwa nchi ya mashamba makubwa ya mtama na ufuta yaliyolimwa na watumwa, kama alivyoeleza Frederick Cooper. Ilikuwa na chakula, na ilikuwa na njaa yake ya watu wa kufanya kazi. Kwa kanuni, aliyewekwa rahani alipaswa kukombolewa deni likilipwa. Wengine walikombolewa. Wengine hawakurudi, na mpaka kati ya rahani na utumwa ukafutika katika maisha yao. Wengine wakatoroka na kujiunga na vijiji vya watoro, kama Fuladoyo, au wakakimbilia misheni.

Kwa hiyo utayari wa zamani ulikuwapo, na ulikuwa wa kweli, lakini bei yake ya mwisho ilikuwa mtoto. Na aghalabu hakuwa mtoto wa mzee mwenye kauli. Hilo lisisahauliwe na yeyote anayetaka kurudisha "mbinu za jadi" katika mipango ya leo.

Ng'ambo ya Sabaki

Wagiriama walijibu hatari ya njaa kwa njia nyingine pia, nayo ni kuhama. Tangu katikati ya karne ya 19 waliiacha pole pole Kaya Fungo wakaenea kaskazini, wakafika Sabaki, na kabla ya karne kwisha wakavuka. Nchi ya ng'ambo ya mto ilikuwa na rutuba kuliko waliyoiacha. Nafaka iliyovunwa huko ilitosha kuliwa na ikabaki ya kuuzwa Malindi. Na jamaa waliobaki kusini, ambako mvua ni haba, walikuwa na mahali pa kupeleka mkono mwaka ukiwa mbaya. Mudzi mmoja ukiwa na watu pande zote mbili za mto, ulikuwa na bima.

Serikali ya Kiingereza iliiona hali hiyo kwa jicho jingine. Mashamba ya Wazungu pwani, ya mpira, pamba na katani, yalitaka vibarua, na mtu mwenye ghala lililojaa hana haraka ya kuwa kibarua. Habari za mwaka 1913 na 1914 zinajulikana: upinzani ulioongozwa na Mekatilili wa Menza, viapo vilivyoliwa kayani, kukamatwa kwake na kupelekwa Kisii, kutoroka kwake, kisha Agosti 1914 Kaya Fungo ikalipuliwa kwa baruti, vita vikaanza, nyumba zikachomwa. Hayo husimuliwa sana, na ni haki. Kisichosimuliwa vya kutosha ni masharti yaliyofuata: faini ya rupia 100,000, wanaume 1,000 wa kazi, na amri ya kuwahamisha Wagiriama wote kutoka ng'ambo ya Sabaki. Cynthia Brantley, katika kitabu chake cha mwaka 1981, ameonyesha wazi kwamba nchi waliyoondolewa ndiyo iliyokuwa ikiwalisha. Walirundikwa kusini, katika ardhi iliyokwisha kuchoka, na walipofikiwa na ukame wa mwaka 1918 na homa ya mafua iliyoenea duniani kote mwaka huo, hawakuwa na ng'ambo. Kabla ya muongo huo kwisha serikali yenyewe ilikuwa imekubali warudi.

Kwa maoni ya mwandishi, hapa ndipo penye kiini cha jambo lote. Utayari wa nyumba za Wagiriama haukukosekana. Ulionekana, ukapimwa, ukahesabiwa kuwa kikwazo, ukavunjwa kwa amri. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 ilikuwa imekwisha kuifunga njia ya upande wa pili, kwa kuwa katika ukanda wa pwani madai yaliyoandikishwa na kutambuliwa yalikuwa hasa ya watu wenye uwezo wa kuyapeleka mbele ya serikali kwa karatasi, na wakulima wa Kimijikenda wakajikuta maskwota katika mashamba waliyoyafyeka wenyewe. Nayo rahani ilikoma kisheria pamoja na utumwa mwaka 1907. Hakuna atakayesikitika kwa hilo. Ila serikali iliyouondoa mlango ule mwovu wa dharura haikujenga mwingine.

Mlango uliojengwa baadaye ulikuwa gunia. Chakula cha msaada kikawa sehemu ya majira, mpaka Kiswahili cha Kenya kikakopa neno la Kikamba, mwolyo, ili kukitaja. Mwaka 1984 serikali iliagiza mahindi ya manjano kutoka ng'ambo, na rangi yake ingali ikikumbukwa na walioyala. Mahali pale pale ng'ambo ya Sabaki, katika Magarini, serikali ya Australia ilisaidia kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 mradi mkubwa wa makazi ambao ulikusudia kuzigeuza familia za wakulima wa kuhamahama kuwa wenye viwanja vya kudumu. Visima vilivyochimbwa havikutoa maji matamu ya kutosha, mvua hazikufuata makadirio, na kabla ya miaka ya 1990 wafadhili walikuwa wamejitoa. Doug Porter na wenzake waliandika kitabu kizima, kilichotoka mwaka 1991, juu ya jinsi nia njema zilivyowapeleka huko. Kuhamahama kule, ambako wapangaji walikuona kuwa ujinga, kulikuwa ndiyo tahadhari yenyewe.

Maji yanapozidi

Juu ya mafuriko tutasema machache, si kwa kuwa ni madogo. Sabaki hukusanya maji ya nyanda za juu karibu na Nairobi, na kwa hiyo huweza kufurika Malindi na Magarini hata siku ambazo mbingu ya pwani ni kavu. Mvua za mwaka 1961, za 1997 na 1998, za 2018, za mwishoni mwa 2023 na za 2024 zote ziliacha hasara kando ya mto. Zile za 1997 ziliacha na neno: elnino, jina la Kihispania la mkondo wa joto wa Bahari ya Pasifiki, ambalo katika mazungumzo ya Wakenya liligeuka kuwa nomino ya kawaida ya mvua isiyo na adabu. Tarehe 26 Desemba 2004 bahari yenyewe ilikuja. Katika pwani yote ya Kenya alikufa mtu mmoja, sehemu za Watamu na Malindi. Mawimbi yalichukua saa nyingi kufika kutoka Sumatra, mengine yalikuta maji yakiwa chini, na watu waliondolewa ufuoni mapema. Somalia, ambako watu karibu 300 walikufa, haikupata onyo kama hilo. Onyo lililofika kwa wakati, kwa lugha inayoeleweka, lilifanya kazi ambayo ukuta usingeifanya.

Lugha ya taarifa

Hilo latuleta kwenye Mamlaka ya Taifa ya Kukabiliana na Ukame, iliyoundwa mwaka 2011, mwaka ambao ukame wa Pembe ya Afrika uliwafanya Wakenya wachangiane fedha kwa simu. Kilifi ni mojawapo ya kaunti 23 ambazo Mamlaka huziangalia mwezi kwa mwezi: mvua, hali ya majani, bei ya mahindi na ya mbuzi, mwendo wa kufuata maji, hali ya watoto. Ni kazi ya maana. Serikali ilipotangaza ukame kuwa janga la taifa Februari 2017, na tena Septemba 2021, ilikuwa na takwimu ambazo serikali ya mwaka 1984 haikuwa nazo.

Lakini taarifa hizo huandikwa kwa Kiingereza. Hali ya ukame hupangwa humo katika ngazi, kutoka hali ya kawaida hadi hali ya dharura, na mfasiri anayetaka kuzitia kwa Kiswahili hukutana mara moja na shida ya ngazi mbili za katikati. Ya chini ni hali ya kuzinduka na kukaa macho. Ya juu yake ni hali ya kupiga mbiu. Tafsiri zilizozoeleka huiita ya kwanza tahadhari na ya pili hatari. Sasa, tahadhari ni tendo la mtu, na hatari ni hali ya mambo. Hayo si madaraja ya kitu kimoja. Kwa mzungumzaji wa kawaida tahadhari huchukuliwa kwa sababu hatari ipo, na ukimwambia kwamba nchi imetoka katika tahadhari na kuingia katika hatari, ana haki ya kuuliza kwa nini tahadhari imekwisha. Kigiriama, Kichonyi na Kikauma vina maneno ya wafugaji na wakulima ya kupima ukali wa jua kwa kile kilichobaki: maji ya bwawa, majani ya mti fulani, chini ya uchaga. Kuyakusanya maneno hayo, kijiji kwa kijiji, na kuyalinganisha na vipimo vya Mamlaka ni kazi ya idara kama zetu, wala haihitaji fedha nyingi. Wanafunzi wanaotoka Ganze na Magarini wanakaa mbele yetu darasani.

Wangeanza na swali la hojaji ya kawaida: kaya hii ina akiba ya chakula ya miezi mingapi? Kwa mama wa Bamba swali hilo lina majibu kadhaa, na karatasi ina nafasi ya moja. Kuna kilicho katika uchaga, na mwezi wa Februari huenda ni kidogo. Kuna muhogo ulio ardhini. Kuna mbuzi wanne walio kwa shemeji Vitengeni. Na kuna binti aliye Mtwapa au Mombasa, ambaye tangu mwaka 2007, M-Pesa ilipoanza, anaweza kutuma kwa dakika moja kile ambacho babu zake walikifuata Takaungu kwa miguu. Binti huyo halali nyumbani humo wala hali chungu hicho. Kwa hesabu ya takwimu yeye ni wa kaya nyingine.